Mpimaji Aliyegawa Dawa Yake

Kabla ya kusoma mizani alirudi nyuma hatua moja na kuweka mikono mgongoni. Alifanya hivyo hata gunia likiwa dogo na mwenye gunia akiwa na haraka. Aliniambia kwamba mtu anayesimama karibu na mizani huipumulia, na mizani ikipumuliwa husema uongo. Mimi ni fundi wa mizani na cherehani hapa Butembo, na najua kwamba pumzi haiwezi kusogeza mizani ya magunia. Nilimweleza hivyo. Akanitazama kwa upole kidogo, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Fundi, weye unajua mizani," akasema. "Mimi ninajua bantu." Bantu kwetu ni watu.

Nitamwita Mpimaji, kwa sababu ndivyo alivyojulikana kuanzia Butembo hadi Beni. Kazi yake ilikuwa kununua kahawa na maganda ya mti wa kinini kwa niaba ya mfanyabiashara mmoja. Maganda hayo ndiyo yanayotolewa kwinini, na milima yetu ina mashamba mengi ya mti huo. Nilimtengenezea mizani kwa miaka mingi, yake ya Butembo na ile ya depo ya Beni. Ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe, au aliniambia yeye, au aliniambia mdogo wake wa kike. Niliyoyasoma vitabuni nitasema kwamba niliyasoma.

Kwenye mizani alikuwa mgumu. Wakulima walioshuka na chukudu, baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, tangu alfajiri, wakisukuma mzigo kwenye matope, walimwomba awaongezee.

"Muzee, ongeza kidogo! Ninatoka mbali!"

"Mizani haijue mbali."

"Na weye, haujue?"

"Mimi ninajua. Lakini si mimi ninapima."

Walimtukana wakicheka. Mmoja alimwambia kwamba siku ya kufa atazikwa na ile mizani. Mpimaji akajibu kwamba ni sawa, ili huko mbele ijulikane nani alikuwa mzito. Hata hivyo walirudi kwake msimu hadi msimu, kwa sababu kama hakuongeza, pia hakupunguza. Wanunuzi wengine walikuwa na kidole cha mguu chini ya sahani ya mizani. Yeye alikuwa hatua moja nyuma, mikono mgongoni, na kila mtu aliweza kuona vidole vyote vya miguu yake.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko hapakuwa na kitu chake. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi sawasawa, kimoja kwa kila nyumba ya ndugu waliokuwa jirani. Sukari ikipatikana, iligawiwa hadi ikawa kijiko. Vita ilipowafukuza watu kutoka upande wa Mambasa, na wengi wakafika Beni bila chochote, kanisa lilimkabidhi turubai kubwa moja awatafutie makao watu waliolala uani kwa ndugu zake. Mtu mwingine angezifunika familia mbili au tatu na kuwaomba radhi waliobaki. Mpimaji alipima turubai kwa kamba, akaikata vipande sawa, kila familia ikapata chake. Mvua iliponyesha, hakuna kipande kilichotosha kumfunika mtu mzima.

Mke wake alisimulia jambo hilo mbele yake kila alipopata wageni. "Alikuwa na haki kabisa," alisema. "Bote balilowa sawasawa."

Yeye alicheka pamoja nao. Sikuona kwamba alijifunza neno pale. Nadhani kwake kugawa kulikuwa jambo moja na kutosha kulikuwa jambo lingine, na la pili halikuwa kazi yake.

Alikuwa shemasi na aliimba kwaya sauti ya chini. Alifika mazoezini kabla ya mwenye ufunguo, akaimba chini ya noti tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Hakupenda neno "karibu" likitumika badala ya kipimo. Ukimwambia gunia limekaribia kujaa, aliuliza limejaa au halijajaa. Na ingawa maisha yake yote yalipita katika vumbi la maganda ya dawa, hakuwaamini waganga wa hospitali. Akipata homa alichemsha maganda nyumbani, akanywa maji yake machungu, na kulala akiwa amejifunika blanketi mbili.

Ndivyo alivyojitibu alipoanza kuugua. Alichoka bila kazi na kutoka jasho akilala. Suruali zilimpwaya kiunoni, lakini tumboni, upande wa kushoto, hazikufunga, kwa sababu bandama ilikuwa imevimba na kuwa ngumu kama kiazi kilichofichwa chini ya ngozi. Kwetu bandama iliyovimba ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Alichemsha maganda. Akachemsha tena. Mke wake alimwambia kwamba anakonda, naye akakataa.

Mwishowe alipanda mwenyewe kwenye mizani yake ya Butembo. Mimi nilikuwepo, nimetoka kuifunga baada ya kuisafisha. Alinitaka nisome, kwa kuwa yeye hakuweza kupanda na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Nikamsomea. Akaniuliza kama nimeirekebisha vizuri. Nikasema ndiyo. Akashuka, akavaa koti.

"Mke wangu akisema nimekonda, ninakataa," akasema. "Mizani ikisema, ninakubali." Akaenda hospitali kwa miguu, siku hiyohiyo.

Aliyetazama damu yake kwenye hadubini aliona chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, zimejaa kama watu sokoni. Daktari akasema ni leucémie, yaani saratani ya damu, na kwamba Butembo hakuna cha kufanya zaidi ya kumpa karatasi ya kwenda Kampala. Barabara ya Kasindi, inayokwenda mpaka wa Uganda, ilikuwa wazi wiki hiyo. Wafanyabiashara wa nguo walimchukua ndani ya gari lao.

Hapa inabidi nieleze jambo, kwa sababu yote yaliyofuata yanategemea jambo hilo. Nililielewa polepole, kwa msaada wa kamusi ya tiba ya Kifaransa niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akifungia karanga kurasa zake, na vitabu vingine baadaye. Leusemia ni jina la ukoo wa magonjwa. Yote huanza katika uboho, mahali damu inapotengenezwa, lakini hayafanani. Mengine huua haraka. Mengine huenda taratibu kwa miaka kabla ya kugeuka. Katika aina moja ya hayo ya taratibu kuna kosa linalojulikana: vipande viwili vya maandiko ya ndani ya chembe vimebadilishana mahali, na matokeo yake ni amri isiyokoma.

Daktari wa Kampala alimweleza Mpimaji kwa mfano wa shule. Kuna mtu ameshika kengele na haachi kuipiga. Watoto wanatoka darasani, wanatoka tu, hadi uwanja unajaa na hakuna masomo. Dawa za zamani ziliwafukuza watoto, wabaya na wazuri pamoja, na kengele ikaendelea. Dawa hii mpya inakwenda kwa yule mpiga kengele na kumshika mkono. Wengine haiwagusi sana. Ndiyo maana kabla ya kuitoa walipima damu mara ya pili, kutafuta kama mpiga kengele yumo. Alikuwemo. Dawa ilikuwa ghali kupita uwezo wa mtu yeyote wa Butembo, lakini kulikuwa na mpango wa kuwapa bure waliothibitishwa, na yeye akaingizwa. Alitakiwa kumeza vidonge vinne kila siku, vyote pamoja baada ya chakula, bila kuacha, na kurudi Kampala kuonyesha damu na kuchukua vingine.

Sijawahi kuona dawa ikifanya kazi namna ile. Bandama ilirudi ndani. Jasho likakoma. Alipanda mizani tena na tena, nami nikamsomea. Tangu hapo, mtu akimwuliza habari, hakusema "njema". Alisema, "Sijapunguka."

Dawa ilikuwa na vituko vyake. Misuli ya miguu ilimkaza. Asubuhi kope zilimvimba, naye akaingia kanisani na uso wa mtu aliyekesha kwenye pombe. Wanakwaya hawakumwacha shemasi wao; walimwuliza habari za kasiksi, pombe ya ndizi.

"Papa diacre, jana kasiksi ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa ya Kampala," alijibu. "Inakuya mu kinini." Kinini kwetu ni kidonge chochote, hata kisichohusiana na mti wake.

Kisha ngozi yake ikaanza kupauka, jambo ambalo pia nimelisoma kwamba dawa hiyo hulifanya. Wanawake wa sokoni walimzunguka.

"Muzee, tupe jina ya ile mafuta! Weye unakuwa muzungu, sisi tunabakia hapa!"

"Si ya kupaka, mama. Ni ya kumeza, na inatapisha."

"Tutatapika! Leta!"

Kwenye kizuizi kimoja, bariyeri kwetu, cha barabara ya Kasindi, askari alifungua kopo la dawa la Mpimaji na kuuliza kwa Kilingala hii ni nini, "Oyo nini?" Akataka apewe, akidhani ni dawa ya nguvu. Mpimaji hakubishana. Alimwambia achukue, lakini ajue kwamba inavimbisha macho na kumfanya mwanaume awe mweupe kama mtu aliyeishiwa damu. Askari alimtazama usoni kwa muda, akaona kwamba hadanganywi, akafunga kopo mwenyewe na kulirudisha kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mbele ya askari wenye bunduki aliilinda dawa yake. Aliyeweza kuichukua alikuwa mdogo wake.

Tulimwita Mama Mumbere, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Aliishi Mabalako, akilima mpunga na ndizi, na Mumbere alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hukohuko, kijana mrefu aliyezungumza na watu wazima kana kwamba nao wako darasani. Mapigano yalipokaribia Mangina, mji jirani, walikimbilia Beni, wakapata chumba katika nyumba ya ukoo mtaani Bungulu. Mumbere alifika akiwa amebebwa. Fizi zilimtoka damu. Alikuwa na homa isiyosikia dawa na madoa mekundu miguuni. Hospitali ilitazama damu yake na kutoa neno lilelile: leucémie.

Wakati huo barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa. Hata kama ingekuwa wazi, kijana hakuweza kukaa garini hadi Kampala. Ndege zilitua Mavivi, kiwanja cha Beni, lakini zilikuwa za askari na za mizigo ya wakubwa. Ukoo ukaitisha kikao.

Nilikuwa Beni na Mpimaji kwa ajili ya mizani ya depo, tukilala nyumba hiyohiyo ya Bungulu, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango na kusikia. Kwao, kama kwa familia nyingi zetu, jambo la mmoja linaletwa kikaoni na kila mkubwa anasema, wa mwisho akiwa yule mwenye kitu kinachotakiwa. Atakachosema baada ya wote kusema kinajulikana tayari. Sijawahi kuona mtu akisema kinyume.

Baba mdogo wao, mzee kuliko wote, alianza. "Mu hii familia hapana mutu anakula peke yake."

Mke wa Mpimaji, aliyefika kwa ajili ya mgonjwa, akasema, "Munganga wa Kampala alisema zote ine. Hapana tatu. Ine."

"Munganga wa Kampala hana ndugu?" mzee akauliza, na wengine wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza kwa sababu ya mgonjwa aliyekuwa chumba cha pili.

Mtu mmoja alisema kwamba labda wangoje barabara ifunguliwe, kijana apimwe kwanza. Mama Mumbere hakuinua sauti. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, akimtazama kaka yake tu, yaya kwa lugha yetu.

"Yaya," akasema, "jina ya ugonjwa ni moja. Dawa itakuwa mbili?"

Mpimaji alisimama. Akarudi nyuma hatua moja na kuweka mikono mgongoni, na mimi niliyemfahamu nikajua kwamba anasoma. Kisha akaleta kopo, akaomba sahani, akaweka vidonge viwili upande huu na viwili upande ule.

"Mpaka barabara ifunguke," akasema. Kikao kikaisha.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu sahani hiyo. Kila mtu mle ndani alikuwa na akili. Hakuna aliyekuwa mchoyo wala mjinga. Kwa mihogo, kwa blanketi, kwa kazi ya shamba, walichofanya kingekuwa sahihi: nusu ya mihogo inashibisha nusu. Hakuna aliyekuwa amewahi kukutana na kitu ambacho nusu yake si nusu. Na kulikuwa na jina moja la ugonjwa, limetamkwa na waganga wawili waliosoma.

Mumbere alimeza viwili kila siku. Akatapika, akapewa tena. Baada ya siku kadhaa kope zake zikavimba. Mama yake alitoka mbio hadi barazani kutuita.

"Angalieni! Anavimba kama yaya! Dawa imemupata!"

Tuliingia kumtazama. Ni kweli, uso ulikuwa umevimba kama wa mjomba wake. Mumbere akafumbua macho kadiri alivyoweza, akasema, "Mjomba, sasa na mimi niko mu kwaya." Mpimaji alicheka. Nilimsikia kupitia ukuta akimwimbia baadaye, chini ya noti.

Mumbere alikufa kabla barabara haijafunguka. Alitokwa damu puani na haikusimama. Matanga yalifanyika Bungulu, kwa kuwa Mabalako hapakuendeka. Siku ya pili, mbele ya watu wote waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa, Mama Mumbere alimwendea kaka yake.

"Ulipima mutoto wangu kama kahawa," akasema. "Alikuwa anapona. Uliona macho yake. Ungemupa zote ine."

Watu walimshika, wakamkalisha. Mpimaji hakujibu. Nadhani wengi walichukua kimya chake kama kukubali.

Barabara ilipofunguliwa alikwenda Kampala. Bandama ilikuwa imeanza kujitokeza tena. Daktari alitazama hesabu za damu, akamwuliza anamezaje dawa, na Mpimaji, ambaye hakuweza kudanganya kuhusu kipimo chochote, akamwambia. Daktari alimkaripia vikali kama mtoto. Alimweleza kwamba dawa hiyo ikiwa pungufu haishiki mkono wa mpiga kengele kwa nusu. Inamwacha apige, na wakati huohuo inamfundisha namna ya kukwepa. Kisha Mpimaji akaeleza dalili za Mumbere, moja baada ya nyingine, na kuuliza swali alilokuwa amelibeba tangu matanga: je, vinne vingemwokoa?

Daktari alisema kwamba hakuiona damu ya kijana huyo, hivyo hawezi kuapa. Lakini kwa haraka ile, na fizi zile, na madoa yale, ulikuwa ugonjwa mwingine wa ukoo uleule, usio na kengele. Hata kopo zima lisingefanya kitu.

Aliniambia hayo Butembo, akiwa amekaa juu ya gunia la maganda, mimi nikibadilisha kisu cha mizani, yaani kile chuma chembamba ambacho mkono wa mizani hukalia. Nilimwuliza kama amemwambia mdogo wake.

"Hapana."

"Kwa nini, Muzee? Anafikiri ulimunyima."

"Nikimuambia ile dawa haikuwa yake, atauliza kwa nini nilimutapisha mutoto zile siku zote. Acha afikiri nilimunyima. Ile anaweza kuibeba."

Sikukubaliana naye wakati huo, na sijui kama nakubaliana sasa. Alirudia vinne. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na daktari aliongeza dozi kwa kipindi fulani, lakini hesabu zilishuka. Alibahatika. Mama Mumbere alibaki Bungulu, hakurudi Mabalako hata palipotulia. Mpimaji alipokwenda Beni alilala kwake kama kawaida, naye alimpikia kama kawaida. Waliongea juu ya mvua.

Watu waliojua kwamba ninasoma waliniuliza baadaye kama ni kweli kuna dawa inayoponya kansa ya damu. Jibu langu lilikuwa refu na halikuwafurahisha. Nimesoma kwamba katika nchi ambako kila mgonjwa wa aina ile moja hugunduliwa mapema na kupata dawa bila kukatizwa, wengi huishi hadi kuzeeka na kufa kwa mambo mengine. Hilo naliamini, maana nimelisoma kwenye mizani mwenyewe. Lakini dawa huhesabiwa kwa namna mbili. Ukihesabu waliomeza, ni ajabu. Ukihesabu wote waliougua katika nchi yetu, wakiwemo waliozikwa kama wagonjwa wa malaria bila damu yao kutazamwa, na wale wa aina nyingine ambao dawa hii haikutengenezwa kwa ajili yao, na wale waliokuwa upande usiofaa wa bariyeri, basi ajabu hiyo haionekani kabisa. Dawa haikuwa dhaifu. Ilikuwa imelenga mahali padogo sana, na kati ya mahali hapo na sisi palikuwa na hadubini, mpaka, na vita. Mpimaji alipita vyote vitatu. Mara moja tu alikaribia kuangushwa, na kilichotaka kumwangusha kilikuwa sahani ya nyumbani.

Nilimwona mara ya mwisho miaka kadhaa baada ya vita kutangazwa kwisha. Nilikuwa nimekwenda Mavivi kupokea springi ya mizani iliyokuja kwa ndege, na nikarudi kupitia Bungulu kumsalimu Mama Mumbere. Nilimkuta Mpimaji huko. Alikuwa ameacha kazi ya magunia. Nywele zilikuwa nyeupe, ngozi imepauka, kope zimejaa.

"Habari, Muzee?"

"Sijapunguka, Fundi."

Tulikuwa tumemaliza kula ugali na sombe ya majani ya muhogo alipoingia jirani, mwanaume wa makamo, fundi wa baiskeli, ambaye mikono yake ilikuwa bado na mafuta. Hakukaa alipoambiwa akae. Mke wake alikuwa hospitali. Walikuwa wamempa jina la ugonjwa asubuhi, na mtu wa hospitali, au mtu wa barabarani, alimwambia kwamba kuna muzee wa Butembo mwenye dawa yake.

"Muzee, sikujue weye," akasema. "Niko naomba kidogo tu. Hata mbili. Mpaka nitapata njia."

Kopo lilikuwa mezani, na vidonge vya siku hiyo vilikuwa tayari kwenye sahani, kwa sababu alikuwa amekula. Nikaona mkono wa Mpimaji ukienda kwenye sahani na kutenga viwili pembeni. Sidhani kama aliamua. Mkono ulikuwa umefanya kazi hiyo maisha yake yote.

Mama Mumbere alikuwa anakusanya vyombo. Alivitua. Akasogeza vile viwili kwa kidole kimoja, akavirudisha penye vingine.

"Zote, yaya," akasema.

Mpimaji akamtazama.

"Haikuwa ya Mumbere," akasema Mama Mumbere. "Haikuwa yake hata kidogo. Hata ya huyu mama hatujue kama ni yake. Kunywa zote."

"Nani alikuambia?"

"Munganga mwenye alitazama damu yake hapa Beni. Zamani."

"Na ulinyamaza?"

"Na weye?"

Fundi wa baiskeli aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila kuelewa, akingoja. Mpimaji alivichukua vidonge vyote vinne kiganjani. Mdogo wake akamsogezea kikombe cha maji. Kisha Mama Mumbere akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni, na kusimama hapo akimtazama kaka yake hadi alipomeza cha mwisho.

"Sasa," Mpimaji akamwambia fundi wa baiskeli, akifunga kopo, "kaa. Tuambie damu yake walisema nini. Na kama anaweza kukaa mu gari."

Akakaa. Mama Mumbere akaenda kumletea chakula.